Louis, Ali, Tyson, Lewis au Usyk: umsome bingwa yupi wa uzito wa juu?

Kijana akiangalia video za Mike Tyson usiku, kesho yake anaingia mazoezini ameinamisha kichwa na kubandika ngumi mashavuni. Wiki ijayo ameona za Muhammad Ali: mikono imeshuka kiunoni, kidevu kiko juu, anarudi nyuma akitabasamu. Mwezi hauishi, hana cha Tyson wala cha Ali, na kila anayeingia naye ulingoni anampiga. Nimeliona hili mara nyingi, na ndilo lililonifanya niandike. Kosa si la kijana. Sisi wapenzi wa ngumi tumezoea kuwalinganisha mabingwa wa uzito wa juu kwa swali moja, nani angempiga nani, na jibu la swali hilo hata likipatikana halimsaidii mtu kuchagua wa kujifunza kwake.

Hapa nauliza jingine. Kati ya Joe Louis, Ali, Tyson, Lennox Lewis na Oleksandr Usyk, umsome yupi? Labda wewe ni bondia unayeanza, au kocha unayetafuta mfano wa kumwonyesha mwanafunzi, au mpenzi tu unayetaka kuelewa unachokitazama. Nimewachukua hawa watano kwa sababu miili yao ni tofauti, zama zao ni tofauti, na kila mmoja alilifumbua fumbo la ulingo kwa njia yake. Jack Johnson, Rocky Marciano, Joe Frazier, George Foreman na Larry Holmes nao wana haki ya kutajwa, na watapita humu kwa ufupi.

Nitawapima kwa mambo matano. La kwanza ni jebu, ile ngumi iliyonyooka ya mkono wa mbele. La pili ni miguu. La tatu, ulinzi. La nne, ngumi nzito na jinsi zinavyofuatana. La tano naliita usiku wa taabu: bingwa alifanya nini mpinzani alipoliona tundu lake? Hili la mwisho nimelipa uzito kuliko mengine, kwa sababu ustadi wa mtu anayeshinda kirahisi huwezi kujua kina chake.

Hali walizopigania hazikuwa sawa

Kabla ya kuwaweka bega kwa bega, lazima tukubali kwamba mchezo umebadilika chini ya miguu yao. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1970, aliyezidi pauni 175, yaani kilo 79 na ushee, alihesabiwa uzito wa juu. Leo mstari uko kwenye pauni 200, karibu kilo 91. Louis katika ubora wake alikuwa na kilo 90 hivi, na Marciano, aliyestaafu mwaka 1956 akiwa ameshinda mapambano yote 49, alipanda ulingoni na kilo 84 au 85. Wote wawili leo wangepangwa uzito wa chini yake. Lewis alizoea kupigana akiwa na zaidi ya kilo 110.

Raundi nazo. Louis na Ali walijiandaa kwa raundi 15. Baada ya bondia wa Korea Kusini, Duk Koo Kim, kufariki kutokana na pambano lake na Ray Mancini mnamo Novemba 1982, mapambano ya ubingwa yakaanza kupunguzwa hadi 12, na hizo ndizo walizozijua Tyson, Lewis na Usyk. Raundi tatu si jambo dogo. Mtu anayejua kuna 15 hagawi pumzi yake kama anayejua kuna 12.

Kisha kuna wingi wa kazi. Mwaka 1941 peke yake Louis alitetea ubingwa mara saba. Usyk alipigana mara moja mwaka 2022, mara moja 2023 na mara mbili 2024. Louis alikuwa akijifunza kazini, mbele ya watu. Usyk anakuja na jibu alilolifanyia mazoezi miezi kadhaa kwa ajili ya mtu mmoja. Zote ni shule, ila hazifundishi kitu kimoja.

Maumbo yao pia yakumbukwe, maana ndiyo yanayoamua mengi. Tyson ana urefu wa mita 1.78 tu. Louis alikuwa na 1.88. Ali na Usyk wako sawa kabisa, 1.91, na hata tarehe ya kuzaliwa wanashirikiana, 17 Januari, wakipishana miaka 45. Lewis ana 1.96, na mikono yake ikinyooshwa huku na huku inafika mita 2.13.

Jebu

Jebu ya Louis ilikuwa fupi na nzito. Haikutumwa kupeleleza; ilitumwa kuumiza, na nyuma yake mguu wa mbele ulikuwa umeshasogea hatua ndogo, kwa hiyo kilo zote 90 zilikuwa ndani ya ngumi. Ukiitazama polepole utaona bega linapanda kukinga kidevu. Utaona pia dosari yake kubwa, na hiyo tutaikuta mbele.

Ya Ali ilitoka chini, karibu na nyonga, ikapanda kwa pembe ambayo macho ya mpinzani hayakuizoea. Haikuwa na uzito wa ile ya Louis. Ilikuwa kama mjeledi, na ilikuja mara mbili, tatu, nne kabla hujajibu moja. Kazi yake ilikuwa kuchana ngozi, kuvimbisha macho na kumtia mtu hasira.

Watu husahau kuwa Tyson alikuwa na jebu. Kwa mtu mfupi jebu ni ufunguo wa mlango: unaipiga ukiingia, ikimfanya mrefu ainue mikono, nawe umeshafika kifuani. Tyson wa 1986 hadi 1988 aliitumia hivyo. Alipoiacha, akawa analazimika kuruka mlango.

Lewis ndiye mfano mzuri wa jebu iliyojengwa upya. Alipoanza alitegemea mno mkono wake wa kulia. Baada ya kupoteza mkanda mwaka 1994 alimchukua Emanuel Steward, kocha aliyekuwa kwenye kona ya mtu aliyempiga, na jebu ikawa nguzo. Kwa mikono mirefu kama ile, mpinzani hulipa ushuru kila anapotaka kusogea.

Usyk hutanguliza mkono wa kulia, kwa hiyo jebu yake inatoka upande ambao wengi hawaufanyii mazoezi ya kutosha. Nyingi kati ya jebu zake hazikusudiwi kuumiza. Anagusa glovu ya mpinzani, anagusa paji la uso, anazuga, anagusa tena. Kila mguso unamlazimisha mtu wa kilo 115 au 120 kuamua jambo, na kuamua mara mia tatu kwa usiku mmoja kunachosha kuliko kupigwa.

Kama jebu ndiyo shida yako pekee, mwongeze Larry Holmes kwenye orodha. Alishika ubingwa kuanzia 1978 hadi 1985 huku mkono wa kushoto ukifanya sehemu kubwa ya kazi, na sijaona aliyemzidi kwa ngumi hiyo moja.

Miguu

Wengi wakimtazama Louis husema alikuwa mzito wa miguu. Mimi naona vingine. Alitambaa kwa hatua fupi, miguu haikupishana, na popote aliposimama alikuwa tayari kupiga. Kasi hakuwa nayo, na mtu mwepesi aliweza kumsumbua. Lakini hakuwahi kuhitaji kujipanga upya kabla ya kurusha ngumi.

Ali wa miaka ya 1964 hadi 1967 alikuwa kinyume chake. Mtu wa kilo 95 akizunguka ulingo kwa vidole vya miguu raundi baada ya raundi, kama mwenye kilo 70. Kitu cha kujifunza hapo si ule mchezo wa kuchanganya miguu uliopendwa na mashabiki. Tazama jinsi anavyosimama kidogo, nusu ya sekunde, ndipo apige, kisha aondoke. Bila hicho kituo, ngumi zake zisingekuwa na kitu ndani.

Miguu ya Lewis sitaikalia muda mrefu: ilikuwa ya kumweka wima na kumpa uzito nyuma ya mkono wa kulia, basi. Ya Tyson ina siri moja nzuri. Alipokwepa ngumi hakubaki mbele ya mtu. Aliruka hatua fupi pembeni, akajikuta kwenye bega la mpinzani, mahali ambapo yeye anapiga na mwenzake lazima ageuke kwanza.

Usyk ndiye wa kusomwa zaidi kwa jambo hili. Anayetanguliza kulia akikutana na anayetanguliza kushoto, miguu yao ya mbele inagongana katikati. Usyk pambano zima anapigania nafasi ya inchi chache: mguu wake wa kulia uwe nje ya mguu wa kushoto wa mpinzani. Akiipata, mkono wake wa kushoto una njia iliyonyooka hadi kidevuni, na mkono wa kulia wa mpinzani uko mbali. Punguza kasi ya video, funika nusu ya juu ya kioo kwa karatasi, utazame miguu tu kwa raundi nzima. Utaona pambano jingine kabisa.

Ulinzi

Louis alikinga kwa namna ya vitabuni: mkono wa kulia wazi karibu na kidevu kupokea jebu, viwiko kwenye mbavu, kichwa kikisogea kidogo tu. Hakuwa mgumu kupigwa. James Braddock, bingwa aliyekuwepo, alimwangusha usiku uleule Louis alipomnyang'anya ubingwa, Juni 1937, naye akainuka na kumaliza kazi raundi ya nane. Anayependa kinga ya mikono kwa kina amtazame Jack Johnson akipambana na Jeffries mjini Reno mwaka 1910; filamu ipo, na jinsi anavyozidaka ngumi hewani ni somo zuri hadi leo.

Ali alivunja kanuni ambazo kila kocha huzifundisha siku ya kwanza. Alishusha mikono. Alirudisha kichwa nyuma moja kwa moja badala ya kukwepa pembeni. Katika pambano lake na Cleveland Williams, Houston, Novemba 1966, ngumi zinapita kidole kimoja mbele ya pua yake, na yeye anaziangalia zikipita. Alikuwa na macho ya kupima umbali kwa inchi na miguu ya kuurekebisha. Asiye na viwili hivyo akimwiga, atakuwa amepeleka kidevu mahali ngumi inapoishia.

Ulinzi wa Tyson ulikuwa mfumo wenye mwalimu. Cus D'Amato alimfundisha kubana ngumi mashavuni na kutoacha kichwa mahali kilipokuwa. Kulikuwa na kifuko kidogo kilichoning'inizwa, kikisukumwa kinakuja na kurudi, na kijana anakikwepa kushoto na kulia hadi mwili uzoee wenyewe. Kulikuwa pia na begi lenye namba zilizochorwa kila sehemu ya mwili: mwalimu anataja namba, ngumi zinafuata. Uzuri wake ni kwamba kukwepa na kupiga vilikuwa tendo moja. Kichwa kikienda kushoto, uzito umeshahamia kushoto, na ngumi ya kushoto tayari imejaa. Hakutetea ili apone. Alitetea ili apige.

Lewis alijilinda kwa urefu, na mtu akipenya alimkumbatia na kumwekea uzito wake wote shingoni. Si mchezo wa kupendeza kuutazama, lakini uliza aliyewahi kubeba kilo 110 za mtu mwingine kwa raundi sita. Usyk anajilinda kwa kutokuacha nafasi ya kufikiri: mikono iko kazini, miguu iko kazini, na akishapiga anaondokea pembeni. Mbavu zake ndizo zinazobaki wazi.

Ngumi nzito na mfululizo wake

Tarehe 22 Juni 1938, Yankee Stadium, New York. Louis anakutana tena na Max Schmeling, Mjerumani aliyemwangusha kwa KO, yaani kummaliza kabla raundi hazijaisha, miaka miwili nyuma. Sekunde 124 zinatosha. Schmeling amebanwa kwenye kamba, ameshika kamba ya juu kwa mkono mmoja, anageuka, na ngumi ya Louis inaingia ubavuni kwa nyuma kidogo kiasi cha kuvunja kijipande cha mfupa wa uti wa mgongo. Irudie sehemu hiyo. Hakuna ngumi inayotoka mbali. Zote zinasafiri kiasi cha urefu wa kiganja na nusu, zinapishana kushoto na kulia, mwilini na kichwani, na kati ya moja na nyingine miguu yake bado imetulia vilevile. Kwa kumaliza mtu aliyetikisika, sijaona mwalimu bora kuliko Louis.

Tyson anamkaribia. Mfululizo wake wa kumsoma ni wa mkono mmoja: kulia kwenye mbavu, kisha kulia huohuo kupanda kidevuni. Mpinzani hushusha kiwiko kulinda mbavu, na kwa kushusha kiwiko amefungua njia ya ile ya pili. Kisha kuna ile ngumi ya kushoto ya kuzungusha iliyomwangusha Trevor Berbick mnamo Novemba 1986. Berbick aliinuka, akaanguka, akainuka, akaanguka tena upande mwingine wa ulingo, kwa ngumi hiyohiyo moja. Tyson alikuwa na miaka 20, bingwa mdogo kuliko wote katika uzito huu. Juni 1988 Michael Spinks, ambaye hakuwa amewahi kushindwa, alidumu sekunde 91.

Lewis alikuwa na mkono wa kulia ulionyooka na, kwa karibu, ngumi ya kupandisha kutoka chini. Ali hakuwa mpigaji wa mwili. Mbavu za wapinzani wake zilipumzika. Alimaliza watu kwa mlundikano na kwa wakati mwafaka. Usyk ni wa mlundikano pia, ingawa katika raundi ya tisa ya pambano lake la kwanza na Tyson Fury, Riyadh, Mei 2024, mkono wake wa kushoto ulipopata njia ile ya mguu wa nje, Fury alipepesuka kutoka kamba hadi kamba mpaka mwamuzi akamhesabia. Mwaka uliofuata alimwangusha Daniel Dubois raundi ya tano, Wembley.

Usiku wa taabu

Hapa ndipo nilipotaka kufika.

Schmeling mwaka 1936 aliona kitu. Louis akimaliza jebu, mkono wa kushoto ulirudi chini badala ya kurudi shavuni. Schmeling akawa anasubiri jebu, kisha anapeleka kulia juu yake. Alifanya hivyo raundi baada ya raundi, na raundi ya 12 Louis akawa chini. Kijana wa miaka 22 aliyedhaniwa hawezi kupigwa. Jibu la Louis halikuwa kubadili mtindo mzima. Alirudi kazini, na katika pambano la marudio hakumpa Schmeling muda wa kusubiri chochote. Miaka mitatu baadaye Billy Conn, mwepesi na mdogo wake kwa uzito, alimzidi kwa miguu hadi raundi ya 12 akiwa anaongoza. Louis hakuhangaika kumkimbiza. Conn alipotaka kumaliza mwenyewe raundi ya 13 akasimama kubadilishana ngumi, ikabaki sekunde mbili tu kengele ilie, Conn akawa amehesabiwa. Taabu ya Louis inafundisha subira.

Ali alikuwa na ugonjwa wa ngumi ya kushoto ya kuzungusha. Henry Cooper alimwangusha nayo mwaka 1963, Joe Frazier akamwangusha nayo raundi ya 15, Machi 1971, na kumshinda kwa pointi. Tundu hilo hakuliziba kamwe. Alichofanya ni kubadilika ndani ya pambano kuliko bingwa mwingine yeyote ninayemjua. Mwaka 1964, raundi ya tano dhidi ya Sonny Liston, macho yake yaliwaka kwa kitu kilichoingia ndani, akapigana karibu kipofu: mkono wa kushoto umenyooshwa usoni mwa Liston, miguu inazunguka, hadi machozi yakasafisha macho. Raundi ya sita Liston alipokea mvua ya makonde, na ya saba hakuinuka kwenye kiti.

Kisha Kinshasa, 30 Oktoba 1974. Foreman alikuwa ameshinda mapambano yote 40, 37 kwa KO. Kila mtu anakumbuka Ali akiegemea kamba. Wachache wanakumbuka raundi ya kwanza, ambapo alimpiga Foreman kwa mkono wa kulia bila kutanguliza jebu, jambo ambalo mtu hulifanya tu kwa mpinzani anayemdharau au anayetaka kumtibua. Alipoona miguu haitamfikisha mbali akaenda kwenye kamba, akafunga mikono, akaacha Foreman apige viwiko na mabega. Mpiga ngumi ukuta huumiza mkono wake. Mwisho wa raundi ya nane Ali alitoka kambani na mfululizo mfupi, kulia ikamalizia, na Foreman alipokuwa akianguka Ali alikuwa na ngumi nyingine tayari mkononi. Hakuirusha.

Lazima niseme wazi: ule mchezo wa kamba usifundishwe mtu kama mtindo. Ali alipokea makonde mengi mno katika nusu ya pili ya maisha yake ya ulingoni, na mwaka 1984 alikutwa na ugonjwa wa Parkinson. Ilikuwa dawa ya usiku mmoja.

Tyson alikutana na usiku wake Tokyo, 11 Februari 1990. Kevin Rooney, aliyebaki na mafundisho ya D'Amato, alikuwa ameshaondolewa kwenye kona. Kichwa hakikutembea tena baada ya kila ngumi, jebu iliachwa, na Buster Douglas mwenye mikono mirefu akawa anampiga jebu kama anayegonga mlango. Tyson hakukata tamaa. Raundi ya nane alimpeleka Douglas chini kwa ngumi ya kupandisha. Lakini hakuwa na mpango wa pili. Raundi ya kumi alikuwa kwenye turubai akipapasa akitafuta kinga ya meno. Somo ni kali: mtindo wa Tyson unadai kila kipande chake kila siku. Ukiacha kimoja, unabaki mtu mfupi aliyesimama mbele ya mtu mrefu.

Lewis alipigwa kwa KO mara mbili, na zote mbili kwa mkono wa kulia: Oliver McCall, London, 1994, na Hasim Rahman, Afrika Kusini, Aprili 2001. Wengine humdharau kwa hayo. Mimi ndiyo yanayonifanya nimheshimu. Lewis alimshinda McCall katika marudio. Naye Rahman aliangushwa na Lewis raundi ya nne mwezi Novemba mwaka uleule, kushoto kisha kulia, bila papara. Katika maisha yake yote ya kulipwa hakuacha aliyempiga bila kumrudia na kumshinda.

Usyk, hadi alipomshinda Dubois Julai 2025, hakuwa amepoteza pambano la kulipwa. Taabu aliipata. Anthony Joshua alimbana raundi ya tisa katika marudio yao, Jeddah, Agosti 2022, na watu wakadhani amechoka. Raundi ya kumi Usyk alitoka na kasi kuliko ile aliyoanza nayo. Fury naye kati ya raundi ya nne na ya saba alimchimba mbavu kwa ngumi za kupandisha, Usyk akala, akasubiri, kisha ikaja ile ya tisa. Marudio ya Desemba 2024 majaji wote watatu walimpa pointi 116 kwa 112. Akiwa matatani yeye huongeza kazi, na hilo halifundishiki siku ya pambano. Ni pumzi iliyowekwa akiba miezi mingi nyuma.

Nani anamfaa nani

Kama unaanza na hujui bado mwili wako unataka nini, anza na Louis. Filamu zake ni za kamera moja, nyeusi na nyeupe, na ndiyo maana zinafaa: hakuna mbwembwe za kukuvuta macho. Anachokifanya ni msingi ambao hautakudhuru hata ukikosea, mradi urudishe mkono wa kushoto juu.

Kama ni mfupi kuliko wapinzani wako wengi, una miguu yenye mlipuko na mwalimu wa kukusimamia kila siku, Tyson wa kabla ya mwisho wa 1988. Bila mwalimu wa namna hiyo, mwache. Mtazame Joe Frazier, ambaye njia yake ya kuingia akiyumbisha kiwiliwili na kuchimba mbavu haitegemei mlipuko wa ujana kiasi hicho, ingawa inataka moyo wa kukubali kupigwa ukiwa njiani.

Mrefu mwenye mikono mirefu amfuate Lewis wa baada ya 1995, hasa akiwa si mwepesi wa miguu. Akiona mkono wake wa kulia unampa ushindi rahisi mazoezini, basi ndiyo sababu zaidi ya kufanya kazi ya jebu sasa.

Usyk namshauri kwa mwenye umbo la wastani anayekutana na watu wakubwa, na kwa kila anayetanguliza mkono wa kulia. Pia kwa mwenye miaka iliyosogea. Alikuwa na miaka 37 alipomshinda Fury. Sharti ni moja, pumzi. Nusu ya Usyk bila pumzi ya Usyk ni kupigwa mbavu.

Na Ali? Kama una kasi ambayo kocha wako, wala si wewe, amesema ni ya kipekee, msome Ali wa 1964 hadi 1967 kwa umbali na kile kituo cha nusu sekunde. Kwa wengine wote, msome Ali wa Kinshasa kwa kichwa chake: alivyojaribu, akaona, akabadili. Mikono iache juu.

Kwa kocha mwenye saa moja tu na mwanafunzi, ningeonyesha mapambano mawili ya Louis na Schmeling, la 1936 kwanza. Mwambie asitazame chochote ila mkono wa kushoto wa Louis, unakoishia kila baada ya jebu, na amnyooshee kidole Schmeling kila anapouona umeshuka.